Koti Langu Juu ya Mama Luka

Harufu ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya nazi. Watu wamelala mchangani kama mahindi yaliyoanikwa, wanapakana mafuta, na mimi nimesimama katikati yao na koti la sufu, kofia na viatu vya ngozi. Hiyo ilikuwa Sisilia, kisiwa cha Waitalia, ambapo meli yetu ilitia nanga asubuhi tushuke tupumzike. Mimi ni mtu wa Boito, huko Kenya kwenye baridi ya mashamba ya chai. Shule niliiachia darasa la tatu, nikachuma chai ya watu mpaka nikapata shamba langu, na sijazoea kuomba. Hata safari hiyo ya Mediterania sikuiomba. Binti yangu Chebet, muuguzi huko Ujerumani, ndiye alisema, "Baba, kuja ukae na mama ya Luka kabla tufunge ndoa. Ukimkataa, mimi siolewi." Nikasema sawa, nitamwangalia huyo mama polepole, vile mtu huangalia ng'ombe wa maziwa kabla ya kununua.

Basi nilimwangalia kuliko nilivyotaka. Mama Luka, mjane wa rika langu, nywele nyeupe, alivua gauni mbele yangu akabaki na vitambaa viwili ambavyo ukivishona pamoja havifuniki hata kibuyu. Akalala chali, akafumba macho, akaanza kukoroma. Mkwe wangu! Niligeuka haraka nikaangalia mlima, lakini macho hayana pazia. Nilikuwa nimeshaona.

Pale pale nikarudi utotoni, kwenye kiangazi kile mto wetu ulipokauka. Kabla ya hapo mto ulikuwa na mipaka: wanaume waliogea juu kwenye mawe, wanawake chini penye matete, na mtoto aliyechungulia alichapwa miguu kwa majani ya thabai, akawashwa mpaka alale. Kiangazi kile lilibaki dimbwi moja tu. Nyasi zilivunjika chini ya mguu, na ng'ombe walinuka vumbi badala ya maziwa. Ikabidi watu wapokezane maji: ukifika kwenye kona unakohoa, unaita, na ukijibiwa unangoja. Siku moja nilishuka na babu kunywesha ndama. Babu akakohoa, akaita, kimya. Kukata kona, tukakuta mama mkwe wa shangazi yangu Tabutany, mama mzito, masikio yameanza kukataa kazi, anatoka majini vile alivyozaliwa. Babu hakupiga kelele. Aligeuka, akamwendea kinyumenyume, akavua blanketi lake na kulirusha juu ya bega. "Mama, baridi iko," alisema, na jua lilikuwa linapasua mawe. Njiani akaniambia, "Ya mtoni hubaki mtoni. Lakini tungoje tuone blanketi litarudi vipi. Likirudi tupu, huyo mama amekasirika, na shangazi yako ataumia kwa ile nyumba." Sikuwahi kuona babu akiogopa chui wala mzungu wa shamba, lakini blanketi lile alilingoja akikataa hata uji. Kesho yake jioni lilikuja limefuliwa, limekunjwa, na juu yake kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda yanayonukia mkaa. Babu akanywa, akacheka peke yake.

Mwacha mila ni mtumwa. Nikavua koti, nikamwendea Mama Luka kinyumenyume, nikarusha. Likamwangukia usoni. Alipiga yowe, watu wakasimama, mlinzi wa ufuo akapuliza filimbi. Chebet akaja mbio, aisikrimu ikimtiririka mkononi.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimemsitiri mkwe wangu."

"Alikuwa anaota jua! Amefikiri ameangukiwa na mnyama!"

"Na wewe ulikuwa wapi akivua?"

Chebet alianza kulia. "Atasema unamdharau. Umeniharibia, Baba." Mama Luka alikusanya vitu vyake, koti langu likiwemo, akaelekea melini.

Jioni meli iling'oa nanga. Ukumbi wa chakula uling'aa kama harusi ya waziri, na nyama iliyobaki kwenye sahani za watu ingelisha harambee nzima. Chai yao ni maji moto na kijikaratasi chenye uzi. Sisi tunaoilima hatungempa hata mgonjwa. Sikugusa kitu. Chebet alinipa mgongo. Hapo ndipo nilipoelewa babu alikuwa anaogopa nini.

Halafu Mama Luka akaingia, amevaa koti langu, mikono yake imemezwa mpaka vidole. Mashine zao za baridi zilikuwa zimeufanya ukumbi ule kama Boito mwezi wa Julai. Alifika mezani, akalivua, akalikunja, akanipa kwa mikono miwili. Mfuko ulikuwa mzito. Ndani mlikuwa na malimau ya Sisilia, makubwa kama ngumi.

"Ulimwambia habari za babu?" nilimuuliza Chebet kwa Kipsigis.

"Mimi? Hata wewe hujawahi kuniambia habari hizo. Anasema kwao kitu cha mtu hakirudishwi kitupu. Na anauliza, kesho akienda kuogelea, koti utaliacha kabatini?"

Nilicheka mpaka wahudumu wakageuka. "Mwambie Luka alete wazee wake nyumbani."

Siku hizi Boito kila nyumba ina bomba na bafu lenye kufuli, na hakuna anayekohoa kwenye kona. Nilidhani heshima ile ilikauka na lile dimbwi. Blanketi la babu lilirudi limefuliwa. Koti langu liko kwenye msumari nyuma ya mlango, linanuka limau na yale mafuta ya nazi, na nimekataza mtu yeyote kulifua.