Maoni Yangu Yanafutwa, na Aliyeyafuta ni Mimi

Admin, kisa hiki nakituma kwa anwani ya barua pepe ya shoga yangu, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini. Jina langu lifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mluguru, naishi Mwembesongo na nauza mitumba ya watoto. Nina mume na binti mmoja, nitamwita Shani. Mume wangu si wa huku, alikuja Morogoro kwa kazi, na sasa yuko kwenye ofisi moja hapa mjini.

Mama yangu alifariki mwaka jana, akazikwa kwenye shamba lake kule milimani. Kwa wasiotujua, sisi Waluguru ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama. Shamba lile likitoka kwa mama linakuja kwangu, kisha kwa Shani, na anayetusimamia ni mjomba. Mume ni mgeni tu pale. Atalima na atakula ndizi, lakini hana neno.

Sasa mwezi uliopita Rehema, huyo shoga yangu ambaye ni katibu muhtasi, akaniita intaneti kafe. "Hebu njoo uone, hili si shamba la mama yako?" Naangalia blogu moja ya watu wa Morogoro, nakuta migomba ya mama, jiko la mama, na maandishi kwamba shamba linauzwa, maji mwaka mzima. Picha imekatwa pale pale kaburi linapoanzia, jamani.

Nikasema naandika maoni, watu wajue shamba haliuzwi. Ndipo nilipojua blogu hizi kila moja ina mlango wake. Ile ya kwanza ikakataa, inataka kwanza uwe na akaunti. Blogu nyingine ya Dar ilikuwa imenakili tangazo lile lile. Hiyo ikakubali jina langu, ikasema maoni yanasubiri mwenye blogu ayapitishe, na mpaka leo yanasubiri. Ya tatu ikaniletea herufi zilizopindapinda nizinakili kuthibitisha mimi ni mtu. Nikinakili, inasema nimekosea, inaleta nyingine. Dakika zangu za kafe zikaisha bado nathibitisha kuwa mimi ni mtu.

Nikarudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Akasikitika kuliko hata mimi. "Mama Shani, hao matapeli. Tulia, nitakufungulia akaunti." Akaja na kompyuta ya ofisini, akanifungulia, akachagua neno la siri akanitajia, akaweka na picha yangu aliyonipiga siku ya arobaini ya mama. Nikamtajia maneno, akaandika, nikayaona yametokea kwa macho yangu. Nilimshukuru sana.

Kesho yake kafe nakuta hayapo. Nikaandika tena mwenyewe kwa kidole kimoja, yakatokea, siku iliyofuata hayapo. Nikaanza kumshuku mwenye blogu kwamba amekula njama na muuzaji. Namba iliyo kwenye tangazo nikaipiga. Akapokea mwanaume nisiyemjua, kusikia sauti ya mwanamke akakata. Nikajiuliza, nani ana ubavu wa kuuza ardhi yetu? Jibu likanijia mjomba.

Nikapanda mlimani. Hata shikamoo niliitoa nusu nusu. Mjomba alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mimi niuze kaburi la dada yangu, halafu mimi mnizike wapi?" Nikalia mbele yake. Akasema kama kuna mtu anauza, basi ni mtu anayehitaji jina langu, kwa sababu bila mimi hakuna Mluguru atakayenunua.

Niliposhuka nikaenda kafe na Rehema. Pale yalipokuwa maoni yangu kulikuwa na mstari wa Kiingereza ambao mimi nilikuwa naupita tu. Rehema akaniambia, "Shoga, hapa wanasema maoni yamefutwa na mwenyewe aliyeyaandika." Chini yake mtu ameuliza, "Ardhi ya Waluguru ni ya wanawake. Mwenye shamba amekubali?" Na chini ya hapo nimejibu mimi, na picha yangu ya arobaini, nimejifunga kanga ya msiba: "Mwenye shamba ni mimi, nimekubali kwa moyo mmoja. Mengine mume wangu atasema." Yule mtu akashukuru, akasema Jumamosi wanapanda kuliona.

Sikugomba. Jioni wakati wa kula nikamuuliza kama mzaha, "Baba Shani, hivi lile neno la siri la akaunti yangu unalikumbuka?" Akaendelea kumega ugali. "Nilishasahau zamani. La nini tena? Mtandaoni kila mtu anajifanya mwenzake." Nikasema sawa. Asubuhi nikakimbilia kafe nifute lile jibu. Neno la siri likakataa. Nikarudia taratibu, Rehema akaandika yeye, likakataa. Jana yake lilikuwa linafungua.

Nyumbani ananiita mke wangu na ananiuliza mbona sina raha. Nikimwambia mjomba, ndoa imekwisha siku hiyo hiyo, na Shani anampenda baba yake kupita kiasi. Nikinyamaza, Jumamosi wageni watasimama juu ya mama yangu wakipima mipaka. Na nikipanda kuwazuia, watanionyesha picha yangu mwenyewe nikiwa nimekubali.

Wenzangu mliopitia ndoa, nisaidieni, nianzie wapi? Andikeni hapa chini, msinitumie popote pengine. Nitasoma yote ila sitajibu neno. Kwa hiyo akitokea mtu kwenye maoni akasema ndiye mwenye kisa hiki, kwamba mambo yameisha na amemsamehe mumewe, tafadhali msimwamini, hata akiwa na picha yangu.