Sayari ya Ruphin na Kamati Yake

Ruphin alikuwa na studio ya picha mjini Likasi hadi kila mtu alipopata simu yenye kamera. Tangu hapo alibaki na picha za pasipoti, kompyuta kuukuu na muda mwingi. Muda huo aliupeleka angani. Wanaastronomia wa ng'ambo walikuwa wakiwaomba watu wa kujitolea wakague picha za nyota zilizo jirani na Jua letu. Katika picha hizo mwanga wa nyota hufunikwa, kama mtu anavyokinga taa kwa kiganja, ili kionekane kitu hafifu kinachoizunguka: sayari kubwa, au kinyota kilichoshindwa kuwaka.

Siku moja Ruphin aliona nukta kando ya nyota, akawaarifu. Wataalamu walijibu kwamba inastahili kutazamwa, ila ingojewe picha nyingine baada ya mwaka, kwa sababu nyota ya jirani husogea kidogo angani, na mwenzake wa kweli husogea nayo. Ruphin alisoma hadi neno "inastahili", kisha akavaa koti. Mkewe, Josée, akaiambia kwaya.

Jumapili, Pasta Pitshou alitangaza kwamba Mungu ameipa Likasi sayari. Baada ya ibada Franck, mfanyabiashara wa madini, alimvuta Ruphin pembeni na kumuuliza kama kule kuna kobalti. Ruphin alimweleza kwamba kitu cha namna ile aghalabu ni gesi tupu.

"Kama ni gaz, tutauzisha gaz," Franck akasema.

Kamati ikaundwa. Ilikuwa na rais, makamu kadhaa na mshauri wa mambo ya anga ambaye alikuwa hajawahi kugusa darubini. Wakagombana miezi mizima kuhusu jina: pasta alitaka la kanisa lake, Franck la mama yake. Walipatana kwenye karamu ya samaki kando ya ziwa la Tshangalele, ambako Ruphin aliketishwa mbele ya wakubwa wote na, tuseme ukweli, akanogewa.

Picha ya pili ikaja. Nyota ilikuwa imesogea. Nukta imebaki palepale. Haikuwa sayari. Ilikuwa nyota nyingine, mbali sana huko nyuma, isiyohusiana kabisa na ile ya mbele.

Ruphin aliikagua tena na tena. Mwishowe akaieleza kamati. Franck alimsikiliza kwa huruma, kama anayemsikiliza mgonjwa.

"Bazungu balishaitwala," akasema. "Sawa vile balitwala uranium ya mugodi ya Shinkolobwe."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Kuibiwa sayari kuliwafaa kuliko kutokuwa nayo. Papo hapo wakawa kamati ya madai, na urais wakampa Ruphin. Aliona haya kwa jinsi alivyoutamani.

"Balituibia kweli?" Josée, aliyeketi kando yake, akamuuliza polepole.

"Apana."

"Basi twende kwetu."

Wakatoka. Mtaani ikasemwa kwamba Ruphin amenunuliwa, na wateja wake wakahamia kwingine. Bado anakagua picha, na bado hajaona kitu. Anasema kutoona kitu nako ni kazi, jambo ambalo hata Josée analiamini kwa shida.

Kamati ilikwenda Lubumbashi na bango. Ofisa mmoja aliwapokea kwa adabu, akawaomba hati ya kiwanja. Wamerudi na matumaini makubwa. Sasa wanatafuta mpima ardhi.