Nilimfumia mama mkwe shali bila kumwona, saizi ikanitoa jasho

Wakuu, salamu zenu. Wa umri wangu nawaamkua, ninyi wengine shikamoo zenu nimeshazipokea hata kabla hamjazitoa.

Haya ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe, si yale ya "kuna rafiki yangu mmoja". Nina miaka themanini na kitu, sina muda wa kutunga. Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Mimi ni Mmeru wa mlimani, ila nilikuwa nafanya kazi Arusha mjini kwenye mashine ya kupasua mbao. Nilipanga chumba Levolosi pamoja na jamaa mmoja, Rajabu, mpishi wa Mzungu, mtu wa Pangani. Mnene, mcheshi, mdomo haupumziki.

Kabla sijaendelea niwatoe wasiwasi. Ndiyo, mimi ni mwanaume na najua kufuma.

Gogo liliniangukia kazini, mguu ukavunjika, nikalazwa miezi mitatu hospitali ya misheni. Nesi wa pale alichoka na kelele zetu sisi wa miguu mibovu, akatugawia sindano za kroshia, zile zenye ndoano kichwani. Wenzangu walifuma vitambaa vya meza, walipopona wakaziacha. Mimi sikuacha.

Wa kucheka acheke hapa amalize, tuendelee.

Nilikuwa na mchumba, Anaeli, wa kijiji cha jirani na kwetu. Posa imepokelewa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imenyweka, Mchungaji kajifanya hajaona. Harusi ikapangwa mwezi wa tisa.

Mwezi wa nne baba yake Anaeli akafariki ghafla.

Tukazika. Baada ya hapo mama yake akakaa jikoni, hatoki. Si shambani, si sokoni, si kanisani. Ukimwuliza, anasema anasikia baridi.

Mnaoujua mlima wetu mnajua katikati ya mwaka kunakuwaje. Ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, nguo hazikauki siku tatu. Baridi ilikuwepo kweli. Lakini yule mama alikuwa anakaa kando ya moto na bado anatetemeka.

Jumamosi moja nimepanda kwenda kumwona Anaeli, akaniambia bila kuzunguka.

"Simwachi mama hivi. Siku akitoka mwenyewe, akaenda kanisani kwa miguu yake, tutazungumza harusi. Asipotoka, tafuta mwingine. Sitakulaumu."

Niliumia sana. Yule binti nilimpenda mpaka nilikuwa nakosea vipimo vya mbao kazini, bosi anafoka.

Nikawaza, mtu anasikia baridi na mimi najua kufuma. Nikaenda duka la Mhindi, nikanunua uzi wa sweta rangi ya kahawia, nikaanza shali.

Sasa hapa ndipo kazi ilipo, sikilizeni vizuri.

Enzi hizo kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Posa ikishapokelewa, ndiyo basi. Mkikutana njiani, wewe unaingia kwenye shamba la kahawa unageuza mgongo mpaka apite. Hamli pamoja, hampeani mkono. Akiwa na neno kwako, anamwambia mtu mwingine akuambie hata kama uko hapo hapo.

Na kabla ya posa sikuwahi kumjua. Hata msibani niliinamisha kichwa siku nzima, nikaona miguu ya watu tu.

Kwa hiyo mama mkwe ana umbo gani, sijui. Nimwulize Anaeli upana wa mabega ya mama yake? Angeniona sina adabu hata chembe.

Nilichokijua ni sauti yake. Kabla ya msiba, nikifika pale nilikuwa nasubiri kule mwisho wa migomba, namsikia akiita mbuzi. Jamani ile sauti. Mbuzi wa majirani nao walikuwa wanageuka. Nikajiambia, mwenye sauti hii hawezi kuwa mtu mdogo.

Basi nikamfanya Rajabu ndiye kipimo.

Kila nikitoka kazini namsimamisha mlangoni, namzungushia shali, naangalia limefika wapi. Yeye anageuka huku na huku anajitazama.

"Bwana wee," akasema siku moja, "mkweo ndiyo kama mimi? Basi Anaeli akifika umri huo utahitaji kitanda cha chuma."

Nikamwambia asimame wima.

Ilinichukua wiki saba. Uzi uliisha mara mbili, nikarudi dukani mpaka yule Mhindi akaniuliza nina watoto wangapi. Lilipokamilika lilikuwa zito, limejaa mikono yote miwili. Nikalifunga kwenye kanga mpya, Jumamosi nikapanda mlima.

Anaeli alinipokea kwenye migomba. Akafungua kanga, akalikunjua shali, likaendelea kukunjuka. Akanitazama. Akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Umemfumia nani? Mama yangu ananifika hapa," akajigusa bega.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba anirudishie, nikalifumue nianze upya. Akakataa, akasema mama ataliona hivyo hivyo, akaingia nalo jikoni.

Nikabaki nje nimegeuzia nyumba mgongo, kama desturi inavyotaka, masikio nyuma.

Halafu nikasikia mtu analia. Si kilio kidogo, ni kile cha sauti ya kuitia mbuzi. Nikajua nimemaliza kila kitu. Nimemdhihaki mjane, na uchumba umekwisha. Nikaanza kuondoka.

Anaeli akanikimbilia, akanishika mkono, naye analia. Ndipo akanieleza.

Baba yake alikuwa mtu mkubwa, na alikuwa na koti moja kubwa zito. Kila jioni baridi ikishuka alikuwa analivua anamfunika mama. Linamfika miguuni, linamzunguka mara mbili. Miaka yote ya ndoa yao mama alikuwa anaota moto ndani ya koti hilo.

Matanga yalipoisha, ndugu wakagawana nguo za marehemu kama ilivyo desturi. Koti likaenda kwa mdogo wa marehemu. Hakuna aliyekosea, na mjane kudai nguo ya marehemu ni aibu, kwa hiyo mama akanyamaza. Hata Anaeli hakuwa amejua. Mama kamwambia leo, akiwa ndani ya shali.

Nilishuka mjini kwa miguu, nikiwa na furaha na uchungu kwa pamoja, siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Jumapili ya wiki mbili mbele nilikuwa huko mlimani, natembea kwenda kanisani. Nikaona mtu anakuja kwenye kijia, mdogo, amejifunika kahawia mpaka chini, pindo linafagia majani. Haraka nikaingia kwenye kahawa nikageuza mgongo.

Hatua zikafika nyuma yangu, zikasimama.

"Ninyi miti ya kahawa," ile sauti ikasema, "mwambieni huyo fundi mwezi wa tisa si mbali. Ajiandae."

Akapita, akaenda zake kanisani. Nilikaa chini pale pale kwenye kahawa.

Harusi ilikuwa mwezi wa tisa.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akikwambia anasikia baridi, usidhani umeshaijua baridi yake. Mimi nilipatia kwa kukosea, na ningelimwona kwanza ningelimfumia shali la kumtosha, lisimsaidie kitu.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki, ndugu walikaa kugawana nguo zake. Shali hawakulikuta. Anaeli alikuwa ameshamfunika nalo mama yake, likamzunguka mara mbili, tukamzika hivyo.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kutoa zawadi ikakosea njia na bado ikafika, andikeni hapo chini, nitasoma yote taratibu. Na wanaume mnaofuma kwa kujificha, jitokezeni, hamko peke yenu.