Kitambaa cha Meza ya Bwana

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzee huu. Sifa zote ni zake. Jana mwanangu alikuwa akibadilisha oili ya giaboksi hapa Turwa, uani kwangu, na harufu yake, kama sukari iliyoungua, ikanirudisha utotoni.

Baba naye alikuwa na gari la automatiki, akilibadilishia oili mwenyewe. Siku hiyo oili ya zamani ilikuwa imeshatoka yote, iko kwenye karai, mama alipotoka ndani mbio amembeba mdogo wangu, anatetemeka kwa degedege. Baba kugeuka, mbuzi ameangusha debe la oili mpya, na ardhi imeshainywa.

Bila oili giaboksi haivuti, na ikabaki ile ya kwenye karai tu, imejaa vumbi.

"Tuichuje tuirudishe," baba alisema. "Leta kitambaa safi, upesi!"

Mama aliniwekea mtoto mikononi, wa moto kama jiwe la jikoni. Akarudi na kitambaa cheupe alichokuwa amekipigia pasi Jumapili.

"Hicho ni cha Meza ya Bwana!" baba alifoka.

"Na huyu mtoto ni wa nani, mzee wa kanisa?"

Baba akashika pembe mbili, mama naye mbili. Oili ilipita tone kwa tone, nami nikisikiliza pumzi ya mtoto. Baba akaimimina kwenye giaboksi kwa birika la chai, akawasha. Gari lilisitasita, kisha likavuta.

Jioni, hospitalini, mdogo wangu alifumbua macho akaomba uji.

Nawe unayesoma, Bwana awalinde watoto wa nyumba yako.