Mlio wa Bapa

Tangu kabla ya Uhuru, kila bapa la msumeno wake wa kukatia pembe za fremu linapochakaa, fundi wa milango huja kwenye duka la vyuma la kina Zein, Mji wa Kale. Huvua kofia, akaiweka juu ya meza, wala meno ya bapa hayaangalii. Huligonga kwa ukucha, akatega sikio, kisha lisilolia akalirudisha: “Hili bubu.” Zein humcheka kimoyomoyo.

Leo aligonga moja, mlio ukajaa duka zima, naye uso haukubadilika. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

“Mwanangu,” akauliza polepole, “limelia?”

“Limelia, mzee.”

Fundi akamsukumia Zein bapa hilo pamoja na mengine. “Basi yagonge yote, unichagulie.”

Zein akakunja kidole, akafumba macho, akagonga.