Siku Niliyofungwa Waya Kifuani

Moyo wangu ulianza kukimbia hata nikiwa nimekaa tu. Nasuka mteja saluni, kituo cha Kawangware 46, mara kifua kinagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Siku niliyozimia nikiwa na kitana mkononi, dada yangu alinipeleka kwa daktari wa moyo bila kuniuliza.

Nilidhani nitapasuliwa. Kumbe mhudumu alinibandika tu vibandiko baridi kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikachora vilima kwenye karatasi. Kisha daktari, mama mmoja wa sauti ya chini, akanilaza kwa ubavu wa kushoto, akanipaka jeli na kunionyesha moyo wangu kwenye skrini. Ulifunguka na kujifunga wenyewe, mimi sina usemi.

"Uko sawa, lakini sasa haukimbii," alisema. "Lazima tuunase ukikimbia."

Akanifunga kimashine chenye nyaya chini ya blauzi. Nisioge, nisikivue mpaka kesho.

Kwetu, mtaa wa Raila, nyumba zimebanana. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Nilipofika bombani, mama wa mlango wa pili aliona waya shingoni.

"Na hiyo? Unaturekodi?"

"Ni ya kupima moyo."

"Moyo gani una waya, wewe?"

Wanawake wengine pale bombani wakasogeza mitungi yao mbali nami. Nilirudi na mtungi mtupu, nikajifungia. Mabati yalichoma, vibandiko viliwasha, na nje niliwasikia wakinijadili. Sikuweza kutoka, sikuweza kukivua kimashine. Ndipo moyo ukatimua mbio. Nilimpigia dada yangu simu nikilia.

"Nakufa huku."

"Hufi. Wacha ukimbie, si ndio wanautafuta? Kaa chini, nakuja."

Alikuja, akanishika mkono hadi moyo ukatulia.

Kesho yake daktari aliweka kidole kwenye michoro. "Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Nimejifungia."

"Basi tumeupata." Alinieleza kwamba umeme wa moyo wangu hupotea njia, na kwamba dawa itaurudisha. Ikishindikana, wataingiza mrija kwenye mshipa, wachome pale panaposumbua.

"Nitameza mpaka lini?"

"Tuanze kwanza."

Niliuliza tena nikiwa mlangoni, akarudia hivyo hivyo, kwa upole.

Nimerudi kusuka. Moyo haukimbii kama zamani, lakini siuamini. Mteja akicheka, nacheka naye, huku nikiusikiliza.