Jibu la Babu kwa Karani wa Sensa

Fundi cherehani yule mtaa mzima walimwita Tepe, kwa sababu tepe ya kupimia haikumtoka shingoni, awe sokoni, awe msibani. Wenye utani walisema hata kulala analala nayo. Lakini wiki ile alifunga kibanda, nguo za watu zikabaki zinaning'inia bila mikono, akahamia masijala.

Mama yake alikuwa kitandani, figo zimegoma, na daktari alishaacha kuzungukazunguka, alisema siku zimebaki chache. Ombi lake lilikuwa moja tu: azikwe kwenye makaburi ya kwao, ubavuni mwa baba yake. Kule mwenye sauti alikuwa mjomba, fundi baiskeli, mkubwa wa wadogo zake mama. Naye alijibu bila kupepesa macho.

"Mpwa wangu, dada yangu nampenda, sikatai. Ila pale wanalala watoto wa mzee. Yeye alikuja na mama."

"Nani kasema?"

"Wakubwa walikuwa wanasema. Kama walikuwa wanazua, niletee karatasi."

Ndiyo akaenda masijala. Mzee wa pale alimtazama juu ya miwani.

"Unatafuta wazima au wafu?"

"Wafu, baba."

"Afadhali. Hao hawaniulizi mbona nachelewa."

Vitabu vya ndoa vilipangwa kwa miaka, na Tepe mwaka hakuujua. Akafunua kimoja kimoja, akipitisha kidole kwenye majina taratibu kama anayetafuta tundu kwenye kitambaa. Vumbi likamkaba koo. Mwishowe akawaona, babu na bibi, wamesimama mstari mmoja. Mbele ya jina la bibi paliandikwa: mjane, ana mtoto wa kike wa miaka minne.

Kumbe mjomba hakuzua kitu.

Badala ya kuondoka, akaomba na karatasi za sensa iliyofuata ndoa ile. Nyumba ya babu akaiona. Babu: mkuu wa nyumba. Bibi: mke. Mama yake, miaka sita: mtoto. Mjomba, mwaka mmoja: mtoto. Chini kidogo, nyumba ya jirani, kwa mwandiko uleule, msichana mmoja kaandikwa "mtoto wa kambo".

"Baba, karani alijuaje nani ni wa nani?"

"Atajuaje? Alimuuliza mwenye nyumba, akaandika alichojibiwa. Nikutolee nakala zote mbili?"

Tepe akaangalia dirishani.

"Ya sensa tu inatosha."

Mjomba aliisoma ile nakala mara mbili, vidole vimejaa grisi. "Haya basi," akasema. "Nitawaambia wadogo zangu. Wakubwa nao walikuwa na midomo!" Tepe akashukuru, akaondoka. Ilipasa afurahi, lakini njia nzima alikuwa anakiona kile kitabu cha ndoa.

Nyumbani mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba ainuliwe akae.

"Na kitabu cha ndoa hukukiona?"

Tepe akaanza kukunja tepe yake.

"Nakuuliza wewe."

"Nilikiona, mama."

"Kwa hiyo umemwambia mdogo wangu kwamba mimi nilizaliwa na mzee."

"Sikumwambia kitu. Nilimpa karatasi tu."

"Huo ndio uongo wenu mafundi. Mteja anaambiwa nguo tayari, kumbe haina kola." Akapumzika, pumzi fupi fupi. "Baba aliyenizaa namkumbuka kwa kikohozi tu. Huyu wa pili alinikuta nakojoa kitandani, na godoro akalianika yeye, kweupe, watu wanaona. Alijua mimi si wake, akamjibu karani, 'Wangu.' Sasa wewe unataka nizikwe kama vile hakujua?"

"Mama, wakikataa je?"

"Watakuwa wamenikataa mimi. Saa hizi wamemkubali mtu mwingine kabisa."

Kesho yake Tepe akarudi masijala, akachukua nakala ya ndoa, akaziweka zote mbili mbele ya mjomba, juu ya benchi, kati ya spoki na mipira. Mjomba akasoma ya ndoa kwanza. Akacheka puani.

"Si nilikwambia?"

"Ulisema kweli, mjomba. Nisamehe."

Akaivuta ya sensa, akailaza kando. Kidole chake kikashuka mpaka kwa jirani, kikakwama pale kwenye neno kambo, kikapanda tena kwa dada yake.

"Hapa alijibu mzee mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na wewe ulikuwa humo ndani, mwaka mmoja."

Mjomba akashika gurudumu lililokuwa linasubiri, akalizungusha, akalisimamisha. "Wadogo zangu wakiiona hii ya ndoa watakataa. Nawajua."

"Na wewe?"

"Kwangu mimi, yule ni dada yangu. Lakini mimi ni mmoja, wao watatu." Akamrudishia karatasi zote mbili. "Sitazificha, wala sitakuahidi."

Tepe akarudi. Mama alikuwa macho, amegeukia mlangoni.

"Kasemaje?"

"Kasema wewe ni dada yake."

Mama akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Na wale wengine?"

"Bado hawajaiona karatasi ya ndoa."

"Basi kesho nenda kwa anayemfuata," akasema. "Nenda mapema, mimi sina siku za kuchezea."